Maswali na majibu ya biti: anayepuliza hapo ni nani?

Barua ni nyingi na, kama ada, nusu yake ni swali moja limevaa nguo tofauti. Kwa wageni: biti ni muziki wa chini wa kurapia, na kipande kilichokatwa kutoka rekodi ya mtu hapa tunakiita sampo, sampuli tumewaachia watu wa maabara. Na kiki ninayoitaja ni ile ngoma nzito ya chini, si ile ya magazeti ya udaku.

Kaka, ni kweli ukichukua sekunde sita tu za wimbo wa mtu hakuna shida? Mwenzangu anasema hata kumi na tano ni ruksa. (Msomaji, Mbagala)

Si kweli. Si sita, si kumi na tano, si tatu. Nimelijibu hili mpaka mate yamenikauka, na mwezi ujao litarudi likiwa sekunde nane. Hakuna sheria ya sekunde Tanzania, hakuna Kenya, na hata Marekani ilikozaliwa hip hop hakuna. Ni maneno ya kijiweni.

Mwaka 1991 jaji wa New York aliamua kesi ya rapa Biz Markie, aliyechukua kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa. Hukumu ilianza na amri ya Biblia: usiibe. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa huko huko Marekani ikaamua kuhusu sekunde mbili za gitaa la bendi ya Funkadelic, ikasema chukua leseni au usisampo. Mwaka 2016 mahakama nyingine ya rufaa ikakataa msimamo huo katika kesi ya mlio wa matarumbeta usiofika hata robo sekunde, ndani ya wimbo wa Madonna. Yaani wenyewe kwa wenyewe hawajaelewana. Ujerumani ndiyo usiseme: bendi ya Kraftwerk ilikwenda kushtaki kwa sekunde mbili za wimbo wao "Metall auf Metall" wa 1977, na kesi ikazunguka zaidi ya miaka 20. Sekunde mbili hizo. Wewe unaniletea sita kana kwamba ni punguzo la Ramadhani.

Shika hili: kila wimbo una haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, ya pili ni ya rekodi yenyewe. Ukimwita mpiga gitaa aupige upya mstari ule, umeikwepa ya pili, ya kwanza bado inakusubiri mlangoni. Ukikata biti chumbani kwa mazoezi hakuna atakayekubishia hodi. Balaa huanza siku biti inapouzwa, inapopanda mtandaoni, au mbaya zaidi, inapopendwa. Hapo ndipo mtu anapoanza kutafuta jina la mwenye wimbo na faili limeandikwa "sampo kali mpya 2". Andika jina la wimbo, bendi, mwaka, na ulikoutoa, siku ile ile unapokata. Dakika moja tu.

Naomba link ya drum kit (mkusanyo wa sauti za ngoma) kali ya boom bap, ile hip hop ya zamani. (Wasomaji kumi na moja, kila kona)

Mnayo tayari. Ni ile ya gigabaiti nne mliyoipakua mwaka jana na hamjafungua hata folda ya snea, ile ngoma ya kupasua.

Nimekata gitaa la wimbo wa dansi wa miaka ya 70. Programu inasema wimbo uko kwenye noti ya C. Nikiweka besi ya C, vinasikika kama abiria wawili wanaogombea siti. Nakosea wapi? (Prodyuza chipukizi, Tanga)

Hatimaye, swali la mtu aliyesikiliza. Kosa si lako, ni la safari.

Fikiria kipande hicho kimepita wapi. Bendi ilirekodi studio za redio kwenye utepe mkubwa. Mtu akanakili kwenye kaseti. Kaseti ikanakiliwa kwenye kaseti nyingine, kwa redio yenye betri zinazokufa. Miaka baadaye mwingine akaicheza na kuiingiza kwenye kompyuta. Kila kituo mwendo umeongezeka kidogo au kupungua kidogo, na mwendo ukibadilika sauti nayo inapanda au kushuka. Kabla hata ya hayo, wapiga gitaa wale walitiuni wao kwa wao na kwa wapulizaji, si kwa mashine. Kwa hiyo C yako inaweza kuwa imening'inia kati ya C na noti inayoifuata. Programu imekupa jina la jirani wa karibu, basi.

Hatua ya noti hadi noti ina senti mia, vipimo vidogo vya kutiuni. Weka besi noti moja ndefu, icheze pamoja na sampo, halafu sogeza senti za besi polepole. Utasikia mawimbi: wa-wa-wa-wa. Ukikaribia yanakuwa mazito na ya taratibu, waaa, waaa, kisha yanatulia. Hapo umefika. Usitazame skrini wakati unafanya hivyo. Fumba macho kama uko kwenye maombi.

Ukishamaliza, ondoa uzito wa chini wa sampo, jaribu kuanzia hezi 120 kushuka. Ndani yake tayari kuna gitaa la besi la bendi, na nyumba moja haina mabesi wawili. Pia wale hawakupiga kwa metronomu. Wimbo unatembea, na ukifika kwenye chemko, ile sehemu ya kuchezea, unakimbia. Ukiunyoosha wote kwa tempo moja utasikika kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto. Kata mwanzo wa kila ba, yaani kila kundi la mapigo manne, upange moja moja.

Na kwa kuwa umeniudhi kwa wema: kwa nini wote mnakata gitaa la mwanzo wa wimbo? Kwa sababu hapo hakuna anayeimba, kazi rahisi. Dhahabu iko kwenye chemko, pale mwimbaji anapovuta pumzi na matarumbeta yanamjibu. Nyimbo hizi zinakwenda dakika saba, nane. Zisikilizeni mpaka mwisho, hakuna nauli.

Nimezima kwantaizi (ile inayonyoosha mapigo yakae kwenye mstari) kama J Dilla lakini biti imekuwa mlevi. (Msomaji, Kigamboni)

Kwa sababu umezima tu, hukupanga. Dilla, yule prodyuza wa Detroit aliyefariki Februari 2006, hakuwa anapepesuka. Sikiliza haihati zake, yale matoazi mawili ya kufunga na kufungua, zinabembea kwa mpangilio. Snea inawahi unywele mmoja. Kila kifaa kina saa yake, na saa hizo hazibadiliki ovyo katikati ya biti. Wewe kila kitu kimechelewa kwa namna yake. Rudisha kwantaizi, kisha sogeza kifaa kimoja. Kimoja! Mashine yake ya kusampo, MPC, iko makumbusho ya Washington, masikio aliondoka nayo.

Mwalimu wangu wa muziki anasema kusampo ni uvivu wa watu wasiojua kupiga ala. Nimjibu nini? (Mwanafunzi, Bagamoyo)

Usimjibu, mwamkie. Kisha mwambie kwa adabu kwamba SP-1200, mashine ya kusampo ya mwaka 1987 iliyojenga nusu ya rap ya New York, ilikuwa na nafasi ya sekunde kumi tu kwa sampo zote. Watu walicheza santuri ya mwendo wa 33 kwa mwendo wa 45 ili iingie kwa muda mfupi, halafu wakaurudisha mwendo chini ndani ya mashine. Ule ukwaruzo mnaonunulia programu leo ulitokana na kubana matumizi.

Ila kwa wengi wenu mwalimu ana hoja. Lupu, yaani kipande kinachojirudia, ya ba nne, kiki juu yake, dakika tatu bila badiliko, halafu jina lako herufi kubwa. Huo ni uvivu kweli.

Niliweka biti yangu kwenye grupu letu. Wengi wakasema "moto kaka". Mmoja akaandika "haina roho". Nimemblock. Nimekosea? (Msomaji, Mwanza)

Umemfungia mlango mtu pekee aliyesikiliza, au angalau aliyejifanya kusikiliza. Wale wa "moto" nina shaka kama walivuka sekunde ya ishirini.

Nikupe yangu. Nikiwa mgeni wa kazi hii nilipeleka biti kwenye flashi kwa kaka mmoja mwenye studio. Nilikuwa nimekata saksafoni kutoka wimbo wa dansi, ba mbili, inazunguka. Nilijiona nimemaliza. Yeye alisikiliza huku anamenya chungwa, anatazama dirishani. Ilipoisha akauliza, "Anayepuliza hapo ni nani?" Sikujua. "Bendi gani?" Sikujua. "Una wimbo mzima?" Huo nilikuwa nao. Akaucheza kutoka mwanzo, na ulipofika kwenye kipande changu akaongeza sauti. Baada tu ya pale nilipokata, yule mpulizaji anavuta pumzi, inasikika kabisa, hewa inaingia, kisha anatoa mstari wa pili unaoujibu ule wa kwanza. Mimi nilikuwa nimeikata ile pumzi nusu. Kila lupu ilipozunguka kulikuwa na mtu anashtuka, *hh*, ananyimwa kusema. Nilikuwa nimeisikia mara mia mbili nikidhani ni kelele za kaseti.

Hakuniambia haina roho. Aliniambia nirudi nikiwa na jina. Nilirudi baada ya wiki mbili, na pumzi ikiwa nzima.

Kwa hiyo mfungulie huyo jamaa na umuulize: wapi? "Haina roho" si ukosoaji mpaka ipewe dakika. "Kwenye 1:12 snea inazama chini ya tarumbeta", huo ndio ukosoaji. Kwa uzoefu wangu, anayesema haina roho huwa amesikia mambo mawili asiyoweza kuyataja: lupu haipumui, na snea zote zimepigwa nguvu 127, kipimo cha juu kabisa, kama mtu anayegonga mlango wa mdeni. Shusha baadhi. Na wewe ukileta biti, uliza kitu kimoja unachotaka kujua, usiseme "nimeifanya haraka tu". Kama uliifanya haraka, kaa nayo. Na ninyi mnaokosoa besi kwa spika ya simu, spika hiyo haina besi. Mnakosoa simu.

Nimechukua kipande cha chakacha cha kikundi cha bibi yangu kinachokodiwa harusini, nikaweka ngoma za kawaida chini. Kila baada ya muda vinaachana. (Msomaji, Kisauni)

Chakacha ni sita kwa nane, gridi yako, ile mistari ya programu, imegawa kila pigo mara nne. Mnahesabu hela kwa sarafu mbili tofauti. Badilisha gridi igawe kila pigo mara tatu, weka kiki mwanzo wa kila kundi la noti tatu, na haihati zifuate utatu huo. Snea iache pale pale mahali pake pa hip hop, na kichwa kitaanza kutikisika chenyewe. Ukitaka kuulazimisha uwe nne kwa nne kwa kuunyoosha, bora uache. Wapo waliowahi, na nyonga za Mombasa hazikuwasamehe. Na kama kikundi cha bibi kilirekodiwa kwa simu yako, waulize kabla hujakitumia. Hapo huna kisingizio cha kutojua wanakaa wapi.

Siku hizi kuna programu za akili bandia zinazotenganisha sauti na ala. Si sasa naweza kumtoa mwimbaji tu, kisha kesi imeisha? (Msomaji, Muscat)

Kesi ipo pale pale. Umemtoa mwimbaji, wapigaji wamebaki. Kiufundi nazo si haba, mimi nazitumia. Ila rekodi nyingi za zamani ni za mono, ala zote zimekalia kiti kimoja, na ukizing'oa zinaondoka na vipande vya nyama ya jirani. Utasikia majimaji kwenye matoazi, kama mtu anaongea chini ya ndoo. Tumia kwa kipande kifupi, kisha kifunike.

Shikamoo. Marehemu baba alikuwa mpiga gitaa wa bendi miaka ya 70. Mwanangu amenisikilizisha wimbo wa vijana, na lile gitaa ni la baba, nalijua. Jina lake halipo popote. Tufanye nini? Nyumbani kuna kanda moja ya bendi yao. (Mama, Morogoro)

Marahaba mama, ingawa huenda mimi ndiye wa kukuamkia.

Barua hii nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Yuko mpiga ngoma mmoja wa Marekani, Gregory Coleman wa The Winstons. Mwaka 1969 alipiga sekunde chache peke yake katikati ya wimbo "Amen, Brother", na ngoma zile zimesampowa katika maelfu ya nyimbo. Alifariki 2006 akiwa hana hata makazi. Mwaka 2015 mashabiki walichanga zaidi ya pauni elfu ishirini, zikaenda kwa kiongozi wa bendi, Richard Spencer. Mwenye mikono alikuwa ameshazikwa.

Kwenu: sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inaitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki, na hicho cha pili kinawahusu wapigaji na wenye rekodi pia, si mtunzi peke yake. Anzieni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ulizeni nani ameandikishwa kuwa mtunzi wa wimbo ule, na rekodi ni ya nani, maana bendi nyingi zilikuwa za mashirika na jumuiya, na zilirekodiwa na redio ya taifa. Sikuahidi hela. Lakini jina mnaweza kulidai leo: mwandikieni prodyuza, mtajieni wimbo na gitaa linapoingia. Wengi wao si wezi, ni wavivu wa kuuliza. Akikataa, niandikie tena.

Kanda msimpe mtu aende nayo. Kijana aje na kompyuta, anakili hapo hapo sebuleni mbele yako. Na kabla ya chochote, vunjeni vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, mtu asije akarekodi mahubiri juu yake.