Mkifika shamba la kahawa, pigeni magoti kwanza

Wadogo zangu mnaopangiwa kazi ya ugani huku Kigoma, wengi wenu mkiingia shambani mnaanza kutazama majani. Nami nilianza hivyo. Mwaka wangu wa kwanza Kalinzi, mzee mmoja alinionyesha mbuni uliogeuka njano, nikamwambia una njaa, auongeze samadi. Akaongeza. Kiangazi kilipokolea mti ukanyauka wote. Akaung'oa, akauchana kwa panga mbele yangu bila kusema neno. Ndani kulikuwa na njia iliyoshindiliwa unga wa mbao, na mwisho wake funza mweupe asiye na miguu, mnene upande wa kichwani, anachezesha taya akitafuta giza.

Huyo ndiye bungua mweupe wa kahawa, Monochamus leuconotus. Mzazi wake ni mbawakawa wa sentimita tatu hivi, mgongo mweupe wa kijivu wenye mabaka meusi, vipapasio virefu. Hutoka mvua zinapoanza. Jike hutaga yai mojamoja chini ya gome, karibu na ardhi, mara nyingi chini ya nusu mita. Funza akianguliwa hula kwanza kati ya gome na mti, akilizunguka shina na kushuka hadi mizizini. Pete ikikamilika, chakula cha mizizi kimekatika. Ndiyo ile njano niliyoiita njaa. Kisha huingia ndani ya mti wenyewe, na maisha ya ufunza peke yake huweza kukaribia miaka miwili. Kwa hiyo mti unaonyauka leo uliingiliwa zamani, na dawa ya kupuliza majani haimfikii aliyemo.

Pembueni matandazo, mtazame shina mpaka chini. Tafuteni unga wa mbao na gome lililoliwa. Tundu la mviringo, upana wa penseli hivi, ni mlango aliotokea mbawakawa. Penye unga mbichi ingizeni spoku ya baiskeli taratibu, mkiifuata njia bila kulazimisha, mpaka muhisi kitu laini. Kabla ya mvua, shina lisuguliwe kwa gunzi la mahindi. Gome likiwa laini, jike hukosa mipasuko ya kutagia.

Yuko pia bungua mwenye kichwa cha njano, naye wa ukoo huohuo wa vipapasio virefu. Huyu huanzia vitawi vya juu akashuka, akiacha mstari wa vitundu kama filimbi. Kateni chini ya kitundu cha mwisho.

Kazi ngumu ni kumshawishi mkulima ang'oe. Mbuni ni karo ya mtoto, na shina likishang'olewa anataka walau alitie kwenye kuni. Likirundikwa nyuma ya nyumba, mbawakawa watatokea humohumo, kwa hiyo lichomwe siku hiyohiyo. Msimwamuru. Mchanieni shina aone mwenyewe, kama mzee alivyonichania mimi.