Bata wetu amebaki peke yake, nimtafutie nani?

SWALI: Shikamoo shangazi. Sisi tuko Jinja, tulikuwa na bata wawili wa watoto, hawa wenye nyama nyekundu usoni, mmoja akaliwa na mbwa usiku na huyu aliyebaki sasa ametushinda. Anamfuata binti yangu mpaka mlango wa choo, binti akienda shule bata anabaki getini analia weee, hata posho (ugali) anaidonoa tu na kuacha. Jirani anasema nimweke na kuku atazoea, mume wangu anasema tumchinje Krismasi. Nifanyeje?
Mama Binti, Jinja

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Mwambie baba watoto sufuria aiweke chini kwanza.

Bata hajaumbwa kukaa peke yake, na kifaranga akitotolewa anayemuona mwanzo mwanzo ndo anamshika kuwa mzazi, kwa hiyo kama mlimlea tangu mdogo binti yako ndo mamake, sasa mama gani huyo anaenda shule kila siku?

Ya kuku sahau. Bata anamwaga maji banda zima, kuku wanataka pakavu, halafu kama ni dume ndo balaa kabisa kwa sababu bata dume ana uume na jogoo hana, akimpanda tetea anamuumiza ndani na wengine hufa. Watu wanaficha hii stori sijui kwa nini.

Kwa hiyo mtafutie bata mwenzake, wa aina yake, ila jua kwanza ni jike au dume. Umesema analia, basi nadhani ni jike, maana dume la hawa halilii, linapuliza tu shhh kama tairi la boda lililotobolewa, na mwili wake unaweza kuwa mara mbili ya jike. Akiwa jike mletee jike mwingine, wawili ni bora zaidi. Dume usikimbilie, akiwa na jike mmoja tu atampanda mpaka manyoya ya shingo yaishe, dume moja linataka majike wanne hivi. Akiwa dume basi ndo umletee hao majike, au dume mwenzake kama hakuna jike hapo nyumbani, huwa wanakaa tu vizuri.

Nunua kwa mtu anayefuga, si kwa mchuuzi aliyechanganya ndege wa vijiji kumi kwenye tenga moja. Bata anaweza kubeba kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, bila kuonyesha dalili, na mwaka 2017 homa ya mafua ya ndege iliua mpaka bata wa kufugwa kule Masaka. Mgeni akae mbali wiki tatu au nne, ndo umlete waonane kupitia waya kwa siku kadhaa, halafu wafungulie. Watadonoana na kufukuzana, waache, ingilia tu ukiona damu. Huku mnasubiri mwekee kioo kwenye banda, wengine wanatulia, na beseni la maji ambalo kichwa chote kinazama maana hapo ndo anaosha macho na pua, na dodo mbichi (mchicha) badala ya mkate.

Ila banda litangulie kabla hujaleta mtu. Mbwa yule njia anaijua, piga waya mgumu mpaka chini na ufunge jua likizama.