Ukuta Kwanza, Picha Baadaye

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii ya kuvisha kuta picha za mwanga, nawapa somo lililonigharimu onyesho langu la kwanza hapa Mbeya.

Nilipanda Kitulo mwezi wa pili, maua yakiwa yamechanua. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Nikarudi na video za maua ya buluu na zambarau yakitikiswa na upepo. Kwenye kompyuta yalipendeza mno. Usiku nikayamulika kwenye ukuta wa tofali za kuchoma, yakageuka tope.

Projekta haipaki rangi. Inatupa mwanga tu, na ukuta ndio unaoamua urudishe upi machoni. Tofali jekundu hurudisha wekundu na kumeza buluu. Huku kwetu nyumba za tofali hizo ni nyingi, kwa hiyo jambo hili mtakutana nalo. Mkiruhusiwa, pakeni chokaa. Msiporuhusiwa, tafuteni kitu ambacho ukuta wenyewe unakitaka. Mimi nilikipata Iringa: miombo huchipua majani mekundu kabla mvua hazijaanza. Niliporudi na majani yale, ukuta uleule ulionekana kama unapumua. Siku hizi nakwenda na projekta ndogo usiku, namulika rangi tupu moja moja, naandika zipi zimeishi. Ndipo naenda porini kurekodi.

Weusi nao haumulikwi. Weusi wa picha yako ni giza la ukuta, basi taa moja ya ulinzi ya jirani inatosha kuuharibu. Nenda kamwombe mapema, kwa heshima, akuzimie kwa saa moja.

Msitamani ukubwa. Ukiongeza upana na kimo mara 2, mwanga uleule unasambaa kwenye eneo mara 4, na picha inapauka. Projekta ya darasani ya lumeni 3,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) inafaa ukuta wa mita 3 hivi ulio gizani. Someni pia uwiano wa umbali, yaani umbali wa projekta hadi ukutani ukigawanywa kwa upana wa picha: ukiwa 1.5, mita 6 kutoka ukutani zinakupa picha ya upana wa mita 4.

Kulinganisha picha na ukuta fanyeni ndani ya programu, kona kwa kona. Simama kwenye projekta, sogeza mstari hadi uguse ukingo wa dirisha lenyewe, kisha weka alama ya tepu pale miguu ya stendi ilipo. Mtoto akiigusa tu, madirisha yote yanahama.

Umande wa huku ni mkali. Funikeni projekta kwa juu, matundu ya hewa yabaki wazi. Projekta ya balbu iwekeeni yupiesi (UPS, kifaa cha akiba ya umeme), kwani umeme ukikatika feni husimama balbu ikiwa bado ya moto.

Na kulinganisha kote kufanyike usiku wa kuamkia onyesho. Jua likishazama, giza huingia upesi, na watu wanakuwa wameshakaa.