Mafaili yakitekwa, usikimbilie kufomati

Ukiwasha kompyuta ukakuta kila faili limeongezewa herufi usizozijua mwishoni mwa jina, na kwenye folda kuna kibarua, yaani barua fupi, kiitwacho _readme.txt, usifomati. Nasema hivi kwa sababu hapa Mtwara hiyo ndiyo dawa ya mafundi wengi: mashine ikisumbua inapigwa Windows mpya, mteja analipa, anaondoka. Kwa virusi vya kawaida sina ugomvi na dawa hiyo. Lakini kwa ransomwea, virusi vinavyofunga mafaili kisha vinadai pesa ili viyafungue, kufomati ni kufuta hata kile kidogo ambacho kingeokoka.

Mfano ninaowapa watu ni wa mzee mmoja, katibu wa chama cha msingi cha ushirika, aliyekuja kwangu Chikongola katikati ya msimu wa korosho. Hesabu zote za msimu zilikuwa humo: majina ya wakulima, kilo walizopeleka ghalani, makato, namba za akaunti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine wameiroga."

Hawakuiroga. Kijana mmoja alimwekea programu ya kuiwasha Office bila leseni, tena akazima antivirasi kwanza ili isimsumbue. Virusi vilivyoingia ni vya ukoo wa STOP, ambao wengine huuita Djvu, na njia yake kuu ndiyo hiyo, programu za kraki. Watu wanadhani wadukuzi wanatafuta benki na wizara tu. Hawa wanamtafuta mtu yeyote anayependa vya bure, na huku kwetu tuko wengi.

Kibarua kilidai dola 980, au nusu yake akilipa ndani ya saa 72. Dola 980 ni zaidi ya shilingi milioni mbili, na mzee alishaanza kuulizia hiyo Bitcoin, sarafu ya mtandaoni wanayodai walipwe, inanunuliwa wapi. Nikamwomba asilipe. Anayedai ni mwizi asiyejulikana aliko. Akipokea pesa asilete ufunguo, utamshtaki wapi? Na huo muda wa saa 72 umewekwa ili uchanganyikiwe.

Kazi ya kwanza ni kukata intaneti na kuchomoa kila flashi. Virusi hivi hujipangia kurudi kazini vyenyewe, kwa hiyo ukichomeka flashi yenye bakapu kabla ya kuvisafisha, nayo inafungwa mbele ya macho yako. Halafu nakili mafaili yaliyofungwa, pamoja na kibarua chenyewe, kwenye diski ya pembeni. Ndipo usafishe.

Baada ya hapo soma namba ya utambulisho iliyo kwenye kibarua. Ikiishia na t1, virusi havikufika kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni, ya wahalifu wenyewe, vikatumia ufunguo mmoja kwa watu wengi. Hapo una tumaini: kampuni ya Emsisoft ilitoa kifungulio cha bure mwaka 2019, na kama ufunguo huo umeshapatikana, mafaili yanafunguka. Kwa virusi vya aina nyingine nenda kwenye tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na kampuni mbili za usalama. Unawapa mafaili mawili yaliyofungwa na kibarua, wanakuambia ni virusi gani na kama kuna kifungulio. Hulipi chochote.

Namba ya mzee haikuishia na t1. Ufunguo ulikuwa wake peke yake, na uko kwa wahalifu. Kwa hali hiyo fundi anayejitangaza mtandaoni kwamba anafungua kila kitu, ama atakula pesa yako, ama atawalipa wezi kwa siri na kukutoza juu yake. Mwaka 1989 mambo yalikuwa mepesi zaidi. Joseph Popp, mtafiti wa Marekani aliyewahi kuchunguza nyani huko Kenya, alisambaza kwa posta disketi zenye virusi vilivyodai dola 189 zitumwe Panama. Ufunguo wake ulikuwa dhaifu, wataalamu wakautegua. Wa leo hauteguliki kwa kubahatisha.

Kilichomwokoa mzee ni kutafuta nakala mahali alipozisahau. Jedwali moja alikuwa amelituma kwa barua pepe kwenye chama kikuu. Mengine mawili yalikuwa kwenye simu yake, ndani ya folda ya nyaraka alizotuma kwa WhatsApp. Flashi ya zamani iliyokuwa imefutwa tuliipitisha PhotoRec, programu ya bure inayofufua mafaili yaliyofutwa; majina yalipotea, yaliyomo yakarudi. Yaliyobaki binti yake aliyaandika upya kutoka kwenye stakabadhi za karatasi.

Vijana wa studio za harusi wana nafuu kidogo. STOP hufunga takribani kilobaiti 150 za mwanzo tu za kila faili, kwa hiyo video kubwa mara nyingi hutengenezeka. Jedwali dogo la Excel huwa limefungwa lote.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii: virusi hivi mara nyingi huja na mwenzake anayeiba nywila. Badilisha nywila za barua pepe na benki, na ufanye hivyo kwenye kifaa kingine.

Kuhusu kinga, mimi naamini nakala kuliko antivirasi. Diski mbili za nje zinazopokezana, moja nyumbani na moja ofisini, na hakuna inayokaa imechomekwa. Ya kwenye Google Drive inasaidia, kwa kuwa matoleo ya awali ya faili hubaki kwa siku 30, ila usiitegemee peke yake. Office ya leseni ikikushinda bei, weka LibreOffice, ni ya bure na inafungua Excel zako. Ndani ya Windows Security kuna swichi ya kuzuia programu ngeni kugusa mafolda yako. Kwa kawaida imezimwa, iwashe.

Na masasisho, najua yanakula bando. Lakini ransomwea ya WannaCry ilipolipuka tarehe 12 Mei 2017, Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka tangu Machi. Wengi walioumia ni waliokuwa hawajakiweka. Subiri bando la usiku, yapakue. Anayetumia Windows 10 ajue msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Yale mafaili yaliyofungwa usiyatupe hata ukikata tamaa. Septemba 2021 kampuni ya Bitdefender ilitoa kifungulio cha bure kwa waliofungiwa na genge la REvil kabla ya 13 Julai mwaka huo, na waliokuwa wametunza mafaili yao waliyafungua. Diski ya mzee iko kabatini kwake, imeandikwa tarehe kwa kalamu ya maka.