Muulize Fundi: Nguo ya baharia hupimwa akiwa amechuchumaa

Barua za mwezi huu zimenichekesha. Tatu zimetoka miji mitatu tofauti na zote zinauliza nguo za wanamaji, kana kwamba mmekaa baraza moja mkapanga. Nimeziweka pamoja. Yule bibi wa mapazia ya sebuleni anisubiri mwezi ujao.

Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa ushonaji, mwaka wa pili, niko Likoni. Mwalimu ametupa kazi ya muhula: tubuni sare ya kazi ya baharia wa manowari, iwe na raha mwilini kuliko zile za kawaida. Nimemuuliza kakangu, anafanya kazi chumba cha injini melini. Anasema nguo yake inamkwaruza mapajani, inamvuta kwapani, na jasho linabaki humo humo. Nimechagua kitambaa cha jezi za mpira: chepesi, kinavutika, hakitaki pasi, kinakauka upesi. Nitakitia madoadoa ya kijeshi ya bluu. Rafiki yangu asema nitafeli. Kosa langu liko wapi?

Marahaba mwanangu. Mchoro uliouambatisha nimeupenda. Kosa liko kwenye kitambaa, na si kosa dogo.

Kabla hujasoma mbele, fanya hivi. Chomoa nyuzi mbili tatu za hiyo jezi, zishike kwa kibano, uzitie kiberiti juu ya sahani ya bati. Utaziona zinajikunja kwanza, kama zinaukimbia moto, kisha zinayeyuka na kudondoka. Zikipoa zinaacha kipunje kigumu kama shanga. Sasa chukua uzi wa kanga ya pamba tupu. Huo utawaka, utanuka kama karatasi iliyoungua, na utaacha jivu ukiligusa linapeperuka. Ule ushanga wa kwanza ndio unaomganda mtu kwenye ngozi. Jezi hizo ni poliesta, na poliesta ya nguo huyeyuka kwenye joto la kama nyuzi 250 za Selsiasi, na moto wa mafuta hauishii hapo.

Manowari ni nyumba ya chuma iliyojaa mafuta, silaha na nyaya za umeme, na haina mlango wa kutokea barabarani. Moto ukizuka, zimamoto ni wewe mwenyewe na nguo uliyoivaa asubuhi. Tarehe 4 Mei 1982, kwenye vita vya Falkland, manowari ya Uingereza HMS Sheffield ilipigwa kombora ikashika moto, wakafa watu 20. Vita hivyo viliwafunza Waingereza kwa uchungu habari ya suruali za poliesta, na sare ya kazi waliyoishona baadaye ikawa ya pamba iliyotiwa dawa ya kuzuia moto.

Mimi nilifunzwa kwa aibu. Miaka hiyo nilipata oda ya ovaroli 40 za watu wa boti za kuvuta meli, Kilindini. Drili ya pamba ilikuwa imepanda bei, nikamshawishi mwenye oda achukue tetroni, hiyo hiyo jamii ya poliesta. Haipauki, nikamwambia, haikunjiki, na vijana watapendeza. Walipendeza kweli. Baada ya miezi mitatu akaja dukani fundi wao wa injini, kashika mkono wa ovaroli uliojaa matundu ya cheche za kulehemu. Hakugomba. Alichukua kidole changu akakipitisha kwenye ukingo wa tundu moja, nikausikia ule ugumu, kama sukari iliyoungulia chini ya sufuria. Kisha akapandisha shati lake akanionyesha kovu la duara, mahali pale pale. Nilimshonea mbili za drili bila kuchukua senti yake, na tangu siku hiyo tetroni kwa mtu wa kazi za moto siikati.

Kwa hiyo jezi weka kando. Hata kwa jasho, haimfai kakako. Poliesta hainywi maji: kwenye hewa ya kawaida hubeba unyevu usiofika asilimia 1 ya uzito wake, wakati pamba hubeba kama asilimia 8 na sufu hata 16. Uwanjani kuna upepo wa kulikausha jasho juu ya jezi. Chumba cha injini upepo wake mnaujua wenyewe. Lakini sikufichi, pamba nayo ina ila yake, ikilowa inakuwa nzito na haina haraka ya kukauka. Ndiyo maana viwanda vikubwa huichanganya na nyuzi za aramidi, jamii ya Nomex, ambazo zikipigwa na moto hugeuka makaa badala ya kuyeyuka. Ni ghali, na kwa kazi ya muhula huzihitaji. Tafuta drili nyepesi ya pamba tupu, isiyokazana kama turubai, uandike pembeni ya mchoro kwamba itatiwa dawa ya kuzuia moto. Na uzi! Wanafunzi wote husahau uzi. Ukiishona drili yako kwa uzi wa poliesta, mshono utafunguka motoni kabla kitambaa hakijaanza kuungua. Fulana ya ndani na chupi ziwe za pamba vilevile.

Sasa tuje kwenye kuvuta kwapani, maana hapo ndipo penye utamu wa kazi yetu. Kitambaa hakina hatia hapo, mkato ndio wenye makosa. Marehemu baba alikuwa mshona kanzu Lamu. Kanzu ina kikwapa, kile kipande kidogo chini ya mkono, na ina taharizi, kipande kingine kinachotiwa ubavuni, ndiyo maana mtu hutia udhu, hupanda punda, hutweka tanga, na kanzu haimfuati juu. Shati la kiwandani halina kikwapa. Tundu la mkono limekatwa lipendeze mtu akisimama, mikono imelala, kama sanamu ya dukani. Nyanyua mkono mmoja tu na shati zima linachomoka kiunoni. Baharia husimama namna ile siku ya gwaride. Siku nyingine yuko chini ya bomba anafungua nati, au kaning'inia kwenye ngazi na ndoo ya rangi.

Basi tia kikwapa. Kipande cha sentimita 10 kwa 10, kilichokaa kama kashata, pembe moja ikielekea mkononi na moja ubavuni. Tia kingine kikubwa zaidi katikati ya miguu, pale mishono minne inapokutana. Pale ndipo suruali huchanika, na pale ndipo kakako anapokwaruzwa, kwa sababu mafundi tunarundika mshono juu ya mshono hadi unakuwa kamba. Kikwapa kinaitawanya ile mishono, na paja linasuguana na kitambaa laini.

Kisha mwite kakako umpime. Usimpime amesimama tu. Mpime amechuchumaa, halafu mpime ameweka mguu mmoja juu ya kiti, kama mtu anayepanda ngazi ya meli, zile zinazosimama karibu wima. Anzia mshipi wa nyuma, pitisha kati ya miguu, mpaka mshipi wa mbele, andika namba zote tatu. Mteja wangu mmoja alizidi kwa inchi tatu nzima alipochuchumaa. Inchi hizo fundi asipozitia kwenye suruali, huzidai mgongoni, na ndiyo sababu vijana wetu wa gereji hutuonyesha chupi.

Mengine kwa ufupi. Mfuko wa pajani usogeze mbele kidogo, usiuweke ubavuni, kwani mlango wa manowari ni tundu katika ukuta wa chuma na mfuko ulioshiba hunasa. Vifungo vifunikwe visishike kamba. Magotini tia kitambaa mara mbili. Shona vipande viwili, shati na suruali. Ovaroli ni nzuri mpaka uende msalani: unavua toka mabegani, mikono ya nguo inaburura sakafuni, na meli inayumba. Kwa mwanamke ni mateso, na mabaharia wanawake si wachache siku hizi. Mchoro wako umemweka mwanamume peke yake. Mwalimu akiwa mwanamke atakuuliza.

Kuna chumvi pia, ambayo hakuna mkato utakaoiponya. Nguo iliyolowa maji ya bahari hukauka kwa uongo. Chumvi iliyobaki ndani huvuta unyevu hewani, jioni nguo ni chepechepe tena, na punje zake zinasugua ngozi kama msasa. Mwambie kakako asuuze kwa maji matamu akiyapata, hata kopo mbili, sehemu za mapajani na kwapani kwanza.

Na yale madoadoa ya bluu yafute. Hapa Kenya raia haruhusiwi kuwa na nguo za madoadoa ya kijeshi, sitaki nisikie umesimamishwa kivukoni na mfuko wa sampuli. Tumia bluu tupu. Sababu ya pili iko kwenye barua inayofuata.

Fundi, nakusoma nikiwa Norfolk, Virginia. Mwanangu wa kwanza amejiunga na jeshi la majini la Marekani. Mimi nilidhani nitamuona na nguo nyeupe na ile kofia ya duara. Amekuja likizo na madoadoa ya kijani kama askari wa msituni! Nikamuuliza, baharini kuna mti gani? Anacheka tu. Tena anasema wakiwa safarini hawazivai. Nifafanulie, maana hapa mtaani naulizwa na sina jibu.

Hongera dada, Mungu amlinde kijana. Zile nyeupe ziko kabatini mwake, ni za gwaride na sherehe. Uliyoiona ndiyo sare ya kazi, na ina kisa.

Mwishoni mwa 2008 walianza kuwagawia mabaharia madoadoa ya bluu na kijivu, nusu pamba, nusu nailoni. Walieleza kwamba rangi ile inaficha madoa ya rangi na grisi, na hapo siwapingi, kila aliyemfulia mtoto wa shule anajua thamani ya kitambaa kinachoficha uchafu. Mabaharia wenyewe wakatania kwamba kitu pekee kinachojificha ndani yake ni mtu aliyeanguka majini, yaani yule hasa unayetaka kumuona. Mwaka 2012 ikajaribiwa kwa moto, ikawaka mpaka ikaisha, na ile nailoni ikayeyuka na kunata. Mwanangu wa Likoni, umesikia? Mwaka 2016 wakatangaza wanaiacha, na kufika tarehe 1 Oktoba 2019 hakuna aliyeruhusiwa kuivaa tena.

Ya kijani ilikuwa imeshonwa kwa vikosi vyao vinavyofanya kazi nchi kavu. Ni nyepesi zaidi, ipo tayari, wakaieneza kwa wote. Kwa hiyo baharini hakuna mti, dada, kulikuwa na nguo tayari stoo. Lakini nayo ni pamba na nailoni, haizuii moto, na ndiyo maana kijana akiwa safarini anaivua na kuvaa ovaroli ya bluu inayozuia. Miaka ya karibuni wameanza kuwapa shati na suruali, vipande viwili, bluu iliyoiva, nazo za kuzuia moto, baada ya kuwavisha mabaharia kwanza wakazifanyia kazi na kuulizwa maoni. Kwangu hilo ndilo jambo la maana kuliko rangi zote. Muulize kama ameshapata zake, na kama hajapata, muulize msalani anakwendaje.

Kitu kimoja kimenifurahisha nilipokuwa nakujibu. Babu zetu pwani walivaa marekani, ile pamba ghafi iliyoletwa Zanzibar na merikebu za Salem, Massachusetts. Na maabara ya kupimia nguo za wanamaji hao iko Natick, jimbo hilohilo. Watu wale na nguo wametoka mbali.

Mzee, salamu kutoka Tanga. Ujana wangu nilikuwa navaa bugaluu, pindo linafagia barabara. Kuna kijana ananibishia kwamba mtindo ule tuliuiba kwa wanamaji, na kwamba vifungo 13 mbele ya suruali zao ni majimbo 13 ya mwanzo ya Marekani. Anasema kweli?

La kwanza kweli, wanamaji waliivaa zamani kabla yetu. Husemwa pindo liliachwa pana ili baharia alikunje mpaka gotini akisugua sitaha, na akianguka majini aivue bila kuvua viatu. La pili hapana. Kabla ya 1894 suruali ile ilikuwa na vifungo 7. Walipokipanua kile kibao cha mbele vikahitajika zaidi, wakavipanga vilingane kulia na kushoto, ikatokea 13. Hadithi ya majimbo ilishonewa baadaye. Mwambie kijana afikirie vifungo 13 na baharia aliyebanwa.

Hilo bugaluu kama bado lipo sandukuni, lilete nikitoka likizo. Pindo lake litatoa vikwapa viwili vya shati la mjukuu wako. Ila miaka ile tulivaa poliesta nyingi sana bila kujua, kwa hiyo kwanza nitachomoa uzi mmoja na kuomba kiberiti.