Kabla Jirani Hajamwaga Zege

Mji wa Mtwara ulianza kupangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa Waingereza wa kulima karanga, na ndiyo maana huku Shangani tuna viwanja vikubwa vyenye minazi na miembe. Viwanja hivyo sasa vinatafutwa sana. Nyumba ya kuishi inavunjwa, panapanda ghorofa au nyumba ya wageni.

Mtaani kwetu tuliona tu kiwanja kimoja kimezungushiwa mabati. Wengine walitaka kwenda kugombana na mafundi. Mzee mmoja akatuambia: "Wanangu, fundi katumwa. Nendeni mkaulize mchoro unasemaje."

Huo ndio ushauri ninaowapa na nyinyi. Nenda Manispaa, kwa afisa mipango miji, ukaulize kiwanja kile kimepangiwa matumizi gani, kama kuna ombi la kuyabadili, na kibali cha ujenzi ni cha ghorofa ngapi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 hairuhusu mtu kugeuza makazi kuwa biashara bila idhini. Ukienda msingi haujachimbwa utasikilizwa. Kuta zikishasimama, kazi inakuwa nzito.

Mkiwaandikia Manispaa, barua yenu isiwe ya kulalamika kwamba mtaa umeharibika. Andikeni kinachoonekana kwa macho. Sisi tulishikilia maji. Mvua zetu huanza kama Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na kile kiwanja kilikuwa kinayanywa maji ya nusu ya mtaa. Kikisakafiwa chote, yataingia kwa nani? Tulipiga picha mvua ikinyesha, tukaonyesha yanakotoka na yanakoelekea, tukauliza pia karo la choo litakaa wapi na magari ya wageni yataegeshwa wapi. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao, mwenye mradi akaja. Jengo limejengwa, lakini mfereji wa zege ulichimbwa kwanza hadi barabarani, na karo likasogezwa mbali na ukuta wa jirani.

Mimi sipingi ujenzi. Vijana wetu wanapata vibarua humo. Ninachokataa ni mmoja kujenga na wengine kulala wakichota maji sebuleni.

Mkishindwa kuelewana, Baraza la Kata linasuluhisha, na shauri lenyewe husikilizwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo kila barua ipeleke na nakala, igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo nyumbani.