Kadi ya mkopo na nauli ya kwenda nyumbani

Mwaka juzi nilituma dola 600 Tanga kwa ajili ya mabati ya nyumba ya mama. Kwenye programu ya kutuma pesa nikachagua kulipa kwa kadi ya mkopo, nikijua nitavuna pointi 600 bila jasho, zile ambazo benki hukupa kwa kutumia kadi na unaweza kuzigeuza nauli ya ndege. Bili ilipokuja nikakuta makato ya dola 30, na chini yake riba iliyoanza kuhesabiwa siku ileile. Pointi sikupata hata moja.

Benki nyingi hapa Marekani huyahesabu malipo ya namna hiyo kama umetoa pesa taslimu kwa kadi. Kwa hiyo ndugu yangu unayetuma nyumbani kila mwezi, tuma kutoka akaunti yako ya benki. Kadi iache kwa chakula, mafuta ya gari na bili ya simu.

Na bili ya kadi ikifika, lipa deni lote, siyo kile kiwango cha chini wanachokuandikia. Riba ya kadi nyingi imepita asilimia 20 kwa mwaka, hakuna pointi zinazoweza kufidia hapo. Kama una deni la zamani, limalize kwanza. Inaniuma kuona watu wetu wanalipia tiketi ya Desemba mpaka Desemba nyingine inawakuta.

Pointi za maana hutokana na zawadi ya kufungua kadi. Wanakwambia, kwa mfano, utumie dola 4,000 ndani ya miezi 3 ndipo wakupe. Mimi husubiri kipindi ambacho bima ya gari inadaiwa na matairi yamekwisha, matumizi ambayo yangekuwepo tu. Ukiona itabidi ununue televisheni ili ufikishe, achana na kadi hiyo.

Kwenye kuzitumia ndiko wengi wanapopotezea. Tafuta kwanza kiti cha kulipia kwa pointi, ukione kwa macho yako, ndipo uhamishie pointi kwenye shirika la ndege. Zikishahamia huko, kwa kawaida hazirudi. Na ujue nani ni mshirika wa nani, maana mashirika ya ndege yamejiunga kwa makundi: Ethiopian wako Star Alliance pamoja na United na Air Canada, Kenya Airways wako SkyTeam na Delta na Air France, Qatar wako oneworld na American. Maana yake maili za Air Canada, yaani pointi za shirika lenyewe, zinaweza kukupandisha ndege ya Ethiopian mpaka Addis Ababa, kisha Dar es Salaam. Hata ukinunua tiketi ya Ethiopian kwa pesa zako, unaweza kuwapa namba yako ya uanachama wa United, maili ziingie huko. Maili za United haziishi muda. Watoto nao wafungulie namba zao, na vipande vya tiketi msitupe mpaka maili zimeingia.

Halafu piga hesabu. Safari yangu ya mwisho tiketi iliuzwa dola 1,450. Kwa pointi ilikuwa 75,000 na kodi dola 100. Toa kodi, gawa kwa pointi: kila pointi imenipa senti 1.8. Ikishuka chini ya senti 1, mimi hulipa pesa na pointi nazitunza.

Desemba viti vya pointi vilikuwa vimekwisha, nikaenda Februari. Zile dola 1,350 ambazo sikulipa nauli, tulimalizia dari, na mama sasa ana choo cha ndani.